Kata ya Mlangoni: Ibn Battuta na Mambo Madogo ya Safarini

Kila linapotajwa jina la Ibn Battuta katika mikutano yetu ya mwambao, huwa najua kitakachofuata. Mzungumzaji hukohoa kidogo, akakumbusha kwamba msafiri yule wa Tangier alifika Kilwa katika karne ya 14 na kwamba aliusifu mji ule kwa uzuri na kwa ujenzi wake. Wasikilizaji huitikia kwa vichwa, na bwana yule hurejeshwa kabatini mpaka mkutano mwingine.

Sina ugomvi na sifa za Kilwa. Ugomvi wangu ni na usomaji unaomgeuza msafiri kuwa shahidi wa kukodi, aitwe, aseme neno moja la kutupendeza, kisha aondoke. Kwa muda wa miaka minane hivi nimekuwa nikiifasiri, kwa raha zangu na bila ya haraka, ile sehemu ya kitabu chake inayohusu pwani yetu. Kiarabu changu nilikianzia chuoni kwa ubao na wino, nikakiendeleza kwa kamusi na kwa kuwaudhi wanaojua. Kwa hivyo sidai uanazuoni. Lakini mfasiri hana njia ya mkato. Hulazimika kukanyaga kila neno, hata yale ambayo mwanahistoria huyaruka kwa kuwa hayana faida kwake. Na katika kukanyaga huko nimefikia rai ambayo najua haitawafurahisha wote: kwamba kurasa za Kilwa, zikitazamwa kama maandishi, ni dhaifu, na kwamba ustadi wa mtu huyu umo katika wali, ndimu, na jamvi la kufutia miguu.

Kwanza nikumbushe jinsi kitabu kilivyopatikana, kwani wengi hudhani kiliandikwa chomboni. Ibn Battuta alizaliwa mwaka 1304. Aliondoka kwao mwaka 1325 kwenda Hija, naye ana miaka 21, na hakurudi Morocco ila mwaka 1349. Mwambao wetu aliupita mwaka 1331, kwa hesabu inayokubaliwa na wengi. Kitabu chenyewe kilikamilika mwaka 1355 mjini Fez, kwa amri ya Sultani Abu Inan, na aliyeshika kalamu alikuwa Ibn Juzayy, katibu na mshairi mwenye asili ya Granada. Basi baina ya kuiona Mombasa na kuisimulia ilipita miaka 24. Daftari hakuwa nazo zote. Mwenyewe anaeleza kwamba aliyoyanakili Bukhara yalipotea aliponyang'anywa vitu vyake baharini. Ibn Juzayy naye hakuwa mwandishi wa kunakili tu. Alipamba, alitia mashairi, na panapohusu Damascus na Makka alichota bila ya haya kutoka kwa Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyemtangulia kwa zaidi ya karne nzima.

Anayesema na sisi, kwa hiyo, si kijana aliyelowa maji ya chumvi. Ni mtu wa miaka 51, amekaa juu ya zulia katika mji wa baridi, anaulizwa na mtu aliye mdogo kwake, naye anatafuta kichwani. (Huo ndio umri wa sisi tunaoanza kusahau majina ya watu tuliosalimiana nao asubuhi.) Swali la mhakiki ni hili: baada ya miaka 24, ni kipi kilichobaki?

Kilichobaki kwanza ni harufu. Alipofika Zeila, upande wa Wasomali, hakuvumilia uvundo wa samaki na wa damu ya ngamia waliochinjwa njiani, akaona ni kheri alale chomboni ingawa bahari ilikuwa imechafuka. Haya ameyasema kwa maneno machache, bila ya pambo lolote. Lakini tazama yanavyofanya kazi: mji hatuuoni, tunaona mtu aliyeziba pua akichagua mawimbi. Hakuna sifa ya kuta wala ya sultani ambayo ingetuweka karibu na Zeila kama hivyo.

Kutoka hapo walisafiri siku 15 hadi Mogadishu, na hapo ndipo ninapomwomba msomaji akae kitako. Chombo kinapotia nanga, anasema, sambuki hutoka pwani zikiwa na vijana, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humwendea mfanyabiashara mmoja, akamwekea sahani mbele yake na kumtangaza kuwa ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hashuki ila kwa nyumba ya mwenyeji huyo, na biashara yake yote hupita mikononi mwa mwenyeji. Atakayemuuzia au kununua kwake kwa hila, bila ya mwenyeji kuwapo, biashara ile haisihi. Mwanahistoria wa uchumi hufurahi sana hapa, na ana haki. Mimi nilifurahi kwa jambo jingine. Neno alilolitumia ni *sunbuq*, nami nilipolifikia sikunyanyua kamusi. Nilinyanyua macho. Hilo ni sambuki, jina ambalo wazee wetu wa bandarini hawakuhitaji kufasiriwa na mtu.

Kisha chakula chenyewe. Msafiri alipokewa kama mwanachuoni, akapelekewa tambuu na popoo, akamiminiwa marashi ya waridi, na mara tatu kwa siku akaletewa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake visahani vya *idamu*: kuku, nyama, samaki na mboga. Hapa lugha yetu ina neno ambalo nadhani lugha nyingi hulitafuta bila ya kulipata. *Idamu* ni kitoweo. Si mchuzi peke yake, si nyama peke yake. Ni kile chochote kinachoufanya wali uliwe. Nilipoliandika "kitoweo" katika daftari langu nilihisi, na huenda ni kiburi cha mfasiri, kwamba maneno ya mtu wa Tangier yamerudi nyumbani.

Anaendelea: ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando katika chombo chake, ndimu za achari, pilipili iliyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Anasimama kulieleza embe, kwani wasomaji wake wa Fez hawalijui: kama tofaa, ila lina kokwa, likiiva ni tamu sana, na kabla ya kuiva ni chachu kama ndimu, na hapo hutiwa siki. Halafu anasema jambo ambalo lilinisimamisha kwa muda wa wiki nzima. Anasema watu wale wakila tonge la wali hufuatisha kidogo katika zile achari. Tonge, kisha achari. Tonge, kisha achari. Ameandika mwendo wa mkono!

Hapo hapo anaongeza kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula kiasi cha kundi zima la watu wa kwao, na kwamba ni wanene wenye matumbo. Sitalificha hilo kwa kuwa nataka kumsifu. Alikuwa mtu wa kusema, na mwenyeji wake hakusalimika. Lakini hata ukali huo ni wa mtu aliyekuwa anatazama, siyo wa mtu aliyesoma kuhusu wenyeji wake kabla ya kufika.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Usiku mmoja, na ukurasa alioutoa ndio ninaouona kuwa bora katika safari yake nzima ya mwambao. Anasema chakula cha watu wa kisiwa kile kwa wingi ni ndizi na samaki, na nafaka huletewa kutoka nje. Kwamba ni watu wa dini, na misikiti yao ni ya mbao, iliyojengwa kwa ufundi. Kisha anasimama mlangoni. Mlangoni mwa kila msikiti kuna kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili. Maji huchotwa kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja. Ardhi iliyozunguka kisima na msikiti imesawazishwa. Anayetaka kuingia huosha miguu kwanza, kwani watu wote hutembea pekupeku, na mlangoni pametandikwa kipande cha jamvi la kukwaruza cha kufutia nyayo. Anayetaka kutawadha hukibana kile chombo baina ya mapaja na kujimiminia mikononi.

Chombo hicho, kwa Kiswahili, ni kata. Nasema hivyo nikijua kwamba kata zetu nyingi ni za kifuu na yake ilikuwa ya mti. Wako watakaosema nimeleta ya nyumbani ndani ya kitabu cha mtu. Lakini kitendo ni kile kile, na mpini ni ule ule, na neno "chombo cha mti chenye mpini" ni kamba ndefu isiyofunga kitu. Nimeliacha "kata" na nitalitetea.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba maelezo haya hayana faida yoyote kwa sultani aliyeamuru kitabu kiandikwe. Abu Inan angefaidika nini na jamvi la kukwaruza? Hakuna ajabu ndani yake, hakuna ndege mkubwa wala mfalme mkarimu. Nadhani, na hapa ni dhana yangu, kwamba msafiri alilisema kwa sababu nyayo zake zililikumbuka. Alikuwa ameosha miguu yake mwenyewe mahali pale, gizani au alfajiri, akalikanyaga lile jamvi, na miaka 24 baadaye alipofumba macho kuitafuta Mombasa, lilikuja jamvi kwanza.

Sasa Kilwa. Sultani anasifiwa, Abu al-Mawahib al-Hasan, kwa ukarimu na unyenyekevu. Pana kisa cha fakiri wa Yemen aliyemwomba nguo alizovaa, naye akazivua akampa. Pana dhahabu ya Sofala. Pana vita na ngawira. Ni maandishi ya kawaida ya kumsifu mtawala, na yakipelekwa mji mwingine wowote kitabuni yatakaa bila ya taabu. Kuhusu mji tunaambiwa ni mzuri na kwamba majengo yake ni ya mbao. Lakini wakati uo huo sultani yule yule anahesabiwa kuwa ndiye mwenye Husuni Kubwa, jumba la mawe la juu ya jabali, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane. Neville Chittick alilichimbua katika miaka ya 1960, na magofu ya Kilwa Kisiwani yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Msafiri wetu hakulitaja hata kwa nusu neno. Wataalamu wamelitafutia udhuru: pengine halikuwa limekwisha, pengine nakala zimeharibika, pengine hakulijali. Udhuru wowote utakaoushika, ukweli unabaki kwamba mtu aliyekumbuka urefu wa mpini wa kata hakukumbuka jumba.

Nisije nikaonekana nadai kwamba kwenye madogo hakosei. Anakosea. Mombasa anaiweka mbali na bara kwa safari ya siku mbili, ilhali sote tunajua mkondo wa maji ulivyo mwembamba pale. Na kuna tunda moja linalonitia wasiwasi. Anasema Mombasa wana tunda wanaloliita *jammun*, mfano wa zeituni, kokwa yake kama ya zeituni, ila ni tamu sana. Kila mtoto wa pwani atapaza sauti: zambarau! Nami nilipaza. Lakini *jammun* ni jina la Kihindi, na Ibn Battuta mwaka 1331 alikuwa bado hajafika India. Alikwenda baadaye, akakaa miaka, na katika matunda ya huko analitaja hilo hilo kwa ule ule mfano wa zeituni. Yawezekana jina lilikuwa limekwisha kuvuka bahari pamoja na mbegu. Yawezekana pia kwamba mzee wa Fez alikuwa na zambarau moja tu kinywani mwake, ya miji miwili. Sioni kwamba hilo linamshusha. Kumbukumbu inapochanganya Mombasa na Delhi kwa sababu ya tunda, huo ni uongo wa namna ya peke yake, na mshairi hapaswi kuukasirikia.

Nimeyarefusha haya kwa sababu yananihusu, na pengine yanaihusu mikono mingi inayoandika katika kurasa hizi.

Ushairi wetu haukuwa mgeni kwa mambo madogo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki kiasi cha mwaka 1840, alitunga juu ya ukata na juu ya vitendo vya watu wa mji wake, na ndiyo maana bado anasomeka. Lakini tunapopanda chombo huvaa joho. Mtu akisafiri hadi Maskati au London, hurejea na beti za mataa, minara na barabara, na ubeti wa mwisho wa kushukuru. Nathari imetutangulia kidogo. Kitabu cha *Safari za Wasuaheli*, alichokitoa Carl Velten huko Göttingen mwaka 1901, kina masimulizi ya watu wa pwani waliokwenda bara, na hata ya Selim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896. Na Martin Kayamba, mzaliwa wa Mbweni hapa Unguja, aliandika *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*, kitabu kilichotoka mwaka 1932. Wote wastahili usomaji mpana kuliko wanaoupata. Hata hivyo wa kwanza walisimulia kwa kuombwa na mwalimu wa Kijerumani aliyekuwa na haja zake, na Kayamba alikuwa amekwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Unahisi kila mara pana mtu wa tatu chumbani.

Mimi sikuwa na mtu wa tatu, na bado nilivaa joho. Mwaka 1996 nilisafiri kwa jahazi kutoka Malindi, Unguja, kwenda Mombasa pamoja na mjomba wangu. Niliporudi nilitunga utenzi wa beti 84, nikausoma barazani, nikapewa mkono. Mjomba alifariki mwaka 2011. Mwaka juzi binti yake aliniomba niwasomee watoto utenzi ule, ili wamsikie babu yao. Nikauleta, nikavaa miwani, nikaanza. Nyota zilikuwamo. Mawimbi yalikuwamo kwa wingi. Ngome ya Mombasa ilikuwamo kwa beti saba. Mjomba alikuwamo katika ubeti mmoja, kama "msafiri mwenzangu", na ninajua vizuri kwa nini: nilihitaji kina cha *-angu*.

Nilipomaliza watoto walinyamaza kwa adabu. Binamu yangu aliniuliza, "Kaka, baba alikula nini huko chomboni?"

Hilo nililikumbuka mara moja, na halimo katika beti 84. Alikuwa na achari ya ndimu ndani ya kikopo cha maziwa, kifuniko chake kimefungwa kwa kitambaa, na kikopo chenyewe akikilaza ndani ya kofia yake ili kisipinduke. Alikula muhogo wa kuchoma kwa achari ile, siku mbili. Kila akimaliza alilamba kidole gumba, akakitazama kama anayehakikisha kwamba bado kipo, kisha akakifunga kikopo tena kwa mafundo mawili. Watoto walicheka. Mama yao hakucheka, alitoka kwenda kutazama chungu chake.

Baada ya siku hiyo ndipo niliporudi kwenye ule ukurasa wa Mogadishu, ambao nilikuwa nimeshaufasiri, nikaufasiri upya. Mara ya kwanza nilikuwa nimeandika kwamba watu wale hula wali "pamoja na" achari. Ilikuwa sahihi na ilikuwa imekufa. Sasa inasema kwamba wakila tonge hufuatisha achari.

Kazi yangu haijakwisha. Kutoka Kilwa msafiri alivuka hadi Dhofar, nchi ya Oman, na huko aliandika ukurasa mrefu juu ya mnazi ambao wasomaji wetu wataupenda kuliko vyote. Anaeleza namna tui linavyotengenezwa: kiti cha kukalia, chuma kilichotokeza, nazi inayokwanguliwa mpaka hapasalii kitu, sahani inayopokea chicha, kisha maji yanayotiwa mpaka yawe na rangi na ladha ya maziwa. Niliusoma ukurasa huo kwa sauti jikoni, mke wangu akiwa juu ya mbuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mbona hakutaja kukamua mara mbili, kasimile kwanza na la kupopolea baadaye.

Nikamwambia hakutaja.

"Basi alitoka jikoni mapema," akasema.

Nimeifasiri kama alivyosema yeye, bila ya kasimile.